Rangi za Watoto za Kuchorea: Maswali Mawili ya Dukani

Leo twende pamoja hadi Biashara Street.

Shule zikifungwa, ukipita pale utamwona mama kashika doti yake ya leso mkono mmoja, na mkono wa pili unavutwa na mtoto anayetaka rangi za kuchora. Mama anajisemea, heri nimnunulie, angalau atatulia nyumbani. Muuzaji anatoa pakiti ya vichupa sita. Mama anauliza swali moja tu:

"Kaka, hii ikimwagika kwenye nguo inatoka?"

"Inatoka, mama, kwa maji tu."

Basi, pesa zimetoka. Swali lile ni zuri, lakini ni nusu ya maswali. Rangi yaweza kutoka kwenye kanzu ya mtoto na bado ikawa na kitu kisichofaa kuingia tumboni mwake. Kwenye pakiti mambo haya mawili huandikwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, na ningependa uyajue hata kama hukusoma sana. Neno "washable" maana yake inafulika. Neno "non-toxic" maana yake haina sumu. Tafuta yote mawili. Ukiona pia EN 71, hicho ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea watoto. Herufi AP ndani ya duara ni alama ya Marekani ya vifaa vya sanaa vilivyokaguliwa. Tazama pia alama ya KEBS. Ni kweli, alama yaweza kubandikwa na mjanja yeyote. Lakini pakiti isiyo na hata jina la aliyeitengeneza, mimi siichukui hata nikipewa bure.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mtoto mdogo hachori kwa mkono tu, anachora na kinywa. Anashika rangi, ananyonya kidole, anatafuna brashi. Sumu tunayoiogopa zaidi ni madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yalitiwa katika rangi za nyumba, hasa nyekundu na manjano zinazong'aa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kuwa mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huathiri ubongo, na mara nyingi huoni dalili yoyote mpaka mtoto aanze kubaki nyuma darasani. Sisi wa Mombasa jambo hili si geni. Watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi kuwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ile haikuwa rangi, lakini madini ni yaleyale.

Kwa hiyo ule mkebe wa rangi ya mafuta uliobaki fundi alipopaka mlango, usimpe mtoto achoree. Hata ikiwa ni mpya na imefuata kikomo cha sasa cha risasi, ambacho ni sehemu 90 katika milioni, haikutengenezwa kwa vidole vya mtoto.

Wala usimpe zile rangi za unga za kuchovya miyaa ya mikeka. Najua zinavutia, pakiti ndogo, bei nafuu, nyekundu kama ua. Zimetengenezwa zishike na zisitoke, na hakuna aliyezipima kwa ajili ya kinywa cha mtoto. Na piko, akina mama, piko! Hina ni majani. Piko nyeusi huwa ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Hutoa malengelenge kwenye ngozi, na ikimezwa huweza kuvimbisha koo hadi mtu ashindwe kupumua. Usiiache mahali ambapo mtoto anacheza.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike mazungumzo haya. Mama mmoja aliletwa kliniki akilia, na mtoto wa miaka miwili na nusu mgongoni. Mtoto alijipaka rangi ya mafuta mikononi. Maji hayakuitoa, kwa hiyo mama alichukua mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda amsugue nayo. Alipogeuka kutafuta kitambaa, mtoto akanywa. Jirani, kwa nia njema, akamnywesha maziwa na kumtia kidole kooni atapike. Mafuta yakaingia mapafuni. Alilazwa siku sita kwa homa ya mapafu. Alipona, alhamdulillahi, lakini wako wasiopona.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli au thina, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni, beba ile chupa, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema huweza kuja baadaye. Na rangi ya mafuta iliyoganda mkononi itoe kwa mafuta ya nazi na kitambaa, polepole, kisha sabuni na maji.

Ukishanunua rangi ya watoto, ijaribu kabla ya kumpa. Dondosha kidogo kwenye pembe ya leso kuukuu, iache ikauke hadi kesho, kisha fua kwa maji baridi na sabuni ya mche. Ikitoka, muuzaji alisema kweli. Rangi ya akriliki ni ya maji ikiwa mbichi, lakini ikikauka huwa kama plastiki, haitoki tena. Hata ile inayofulika, ifue mapema.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mimi napenda ya jikoni. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano au wa muhogo katika maji baridi, pika kama uji mzito, uache upoe, gawa kwenye vikombe, tia matone machache ya rangi ya chakula. Mimi niliwahi kutia manjano ya bizari nikijiona mjanja, nikaharibu shuka nyeupe. Afadhali nililigundua hili: doa la manjano ukilifua na kulianika juani hufifia. Mtandikie mtoto gunia au gazeti kibarazani, mvishe fulana kuukuu, na ukae naye. Kwa joto letu uji huo huchacha upesi, kwa hivyo ukifika jioni umwage.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya kuhara. Kwaherini.