Moto ukishazimika, nani anahesabu hasara?

Kiangazi kikikolea, mtu wa Mandewa, hapa Singida mjini, hahitaji kuambiwa kwamba kuna pori linaungua. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Ikishaaga mwezi Aprili au Mei, nyasi hukauka mpaka zinalia chini ya mguu, na Septemba ikifika upepo hautulii. Jioni moshi mwembamba huonekana nyuma ya mawe. Asubuhi unaweza kukuta vipande vyeusi vya nyasi vimetua juu ya nguo zilizolala kwenye kamba. Mjini tunazikung'uta na kuendelea na shughuli. Kwa aliye kule moshi ulikotoka, shughuli ndiyo kwanza inaanza.

Chukua mfugaji nyuki. Asali ni sehemu ya jina la mkoa huu, kama ilivyo alizeti na kuku wa kienyeji, na nyingi hutoka kwenye mapori ya Manyoni, Itigi na Mgori. Mzinga wa gogo ukipitiwa na moto, nta huyeyuka kwanza, asali ikatiririka na kuungua, na nyuki walionusurika wakahama. Mwenye mzinga akifika hukuta waya unaning'inia kwenye tawi lililobabuka, na chini yake mkaa unaonuka sukari iliyoungua. Hakuna maiti wala paa lililoanguka. Kwa macho ya mpita njia, pori limeungua tu, na pori huungua kila mwaka.

Hapo ndipo tunapokosea. Hasara ya moto wa porini haionekani, na hasara isiyoonekana haipati msaada.

Si kwamba serikali haijui kusaidia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, majirani zetu wa njia ya Babati. Watu 89 walipoteza maisha. Serikali ilisimamia maziko na matibabu, walionusurika wakahifadhiwa kambini, na baadaye nyumba zaidi ya 100 zikajengwa kwa waliopoteza makazi. Kila mtu aliona kilichopotea, na kilihesabika. Hata moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, ulioteketeza takriban kilomita za mraba 95, uliwapandisha mlimani askari wa hifadhi, wapagazi, wanafunzi na wanavijiji, huku dunia nzima ikitazama. Moto wa pori la Itigi hauna wa kuutazama.

Mlango wa kubisha upo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kata, kijiji na mtaa. Kwa hiyo suala la moto halianzii Dodoma. Linaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, hapa hapa Mandewa na kule vijijini. Wanachopaswa kuwa nacho ni daftari: mizinga mingapi imeungua, ekari ngapi za malisho, mabua kiasi gani yaliyowekewa mifugo, nyasi za kuezekea za nani, na moto ulianzia wapi.

Tunao mfano wa jambo hilo. Tembo akiingia shambani, mkulima wa Tanzania anajua pa kwenda. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zilipanga kiasi kwa kila ekari iliyoliwa, kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kutegemea umbali wa shamba na hifadhi. Fedha hizo si nyingi, na wengi hulalamika kwamba huchelewa. Lakini kuna fomu, kuna afisa anayekuja kupima, na kuna jina la mtu kwenye karatasi. Aliyeunguliwa mizinga ishirini anastahili angalau kupimiwa hivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba moto ukilipwa watu watachoma makusudi. Hoja hiyo ina uzito, maana moto mwingi huwashwa na mikono yetu: anayesafisha shamba, mchungaji anayetafuta majani machanga, mrina asali anayeacha kijinga kikiwaka, mchoma mkaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma uoto bila kibali. Ndiyo maana msaada usiwe noti mkononi. Uwe mizinga, mbegu na kazi. TASAF ina utaratibu wa ajira za muda kwa kaya maskini. Kaya zilizounguliwa zikipewa kazi ya kulima njia za kuzuia moto, zitapata chakula cha mwaka huu na kinga ya mwaka ujao.

Ardhi nayo ina njia yake ya kupona. Miti mingi ya miombo ikiungua shina, mizizi hubaki hai. Wakulima wa Dodoma na Singida waliofundishwa kilimo cha kisiki hai wanaijua kazi hiyo: kwenye kisiki kilichochipua unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayapogoa, kisha unafunga kitambaa ili mchungaji ajue mti huo una mwenyewe. Haihitaji kitalu wala gari la maji. Vichaka vya Itigi havina ustahimilivu huo. Ni uoto wa pekee, unaopatikana hapa kwetu na kaskazini mwa Zambia, na moto ukivirudia havirejei kirahisi. Huko msaada wa maana ni ule unaofika kabla ya moto.

Msaada wa namna hiyo Singida iliwahi kuuona. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, vilikabidhiwa kazi ya kuusimamia. Vilijigawia maeneo, vikaweka walinzi wake na sheria ndogo zake, na moto pamoja na ukataji hovyo vikapungua. Serikali haikuwajaza wanavijiji fedha. Iliwapa mamlaka, na wakawa na sababu ya kukimbilia moto badala ya kuukimbia.

Mvua za Novemba hazimsubiri mtu. Zikinyesha mara mbili tu, majivu yatakuwa yameoshwa, nyasi zimefunika weusi, na ushahidi wa hasara umekwenda na maji. Kabla ya siku hiyo, mtendaji na bwana nyuki wawe wameshapita chini ya miti ile, wakihesabu waya zinazoning'inia bila mzinga.