Mawinga wa Kampala na rekodi walizoziacha ugenini

Jesús Navas alipotundika daluga mwishoni mwa 2024, Wahispania walikuwa na kazi nyepesi ya kumpima. Winga huyo alicheza timu mbili tu za wakubwa, Sevilla na Manchester City. Aliichezea Sevilla mechi zaidi ya 700, na hakuna mwingine katika historia ya klabu hiyo aliyefika huko. Ukiongeza Kombe la Dunia la 2010 na mataji ya Ulaya ya 2012 na 2024, hesabu imefungwa.

Ukimtafutia mwenzake Kampala, daftari halikubali kufungwa hivyo. Mawinga wa huku hawazeekei klabu moja. Wanalelewa Nsambya, Lugogo au Wankulukuku, wakianza kunoga wanaondoka, na rekodi zao unazikuta kwenye vitabu vya watu wengine. Nimezikusanya hapa chache, na kubwa kuliko zote ziko Dar es Salaam.

Mwenye nazo ni Emmanuel Okwi, mzaliwa wa Kampala wa tarehe 25 Desemba 1992. SC Villa, Majogoo wenyewe, ndio waliomtambulisha. Simba ya Dar es Salaam wakamchukua 2010 akiwa na miaka 17. Tangu hapo amecheza Uganda, Tanzania, Tunisia, Denmark, Misri, Rwanda na Iraq. Nchi saba! Simba amevaa jezi mara tatu kwa vipindi tofauti, Villa vivyo hivyo, na katikati akapitia Yanga, mahasimu wa Simba. Wapo waliovuka kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga wakabaki na doa maisha yao yote. Yeye alivuka Desemba 2013, akarudi Simba 2014, na mashabiki wakampokea kama mtu aliyetoka safari.

Sababu ya msamaha huo ni tarehe 6 Mei 2012. Siku hiyo Simba waliwafunga watani wao Yanga 5-0. Okwi alifungua dimba mapema kabisa, akaongeza la pili kipindi cha pili, na hata mlinda mlango Juma Kaseja akapata bao lake kwa penalti. Kipigo kikubwa zaidi cha watani hao bado ni 6-0 ya Julai 1977, Abdallah Kibadeni alipofunga matatu peke yake, na hilo wazee wa Msimbazi hawatakuacha ulisahau. Lakini kizazi cha 1977 kilikuwa kinasimulia tu. Cha 2012 kilikuwa na simu mkononi, na mabao ya kijana wa Kampala yanatazamwa mpaka leo.

Januari 2013 akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa bei iliyotajwa kuwa dola 300,000, fedha ambazo wakati ule zilikuwa za ajabu kwa mchezaji anayeondoka Dar. Mwaka haukwisha kabla hajarudi Kampala. Denmark nako, kwa SønderjyskE, alisaini miaka mitano 2015 na hakufikisha miwili. Wapo wanaolitumia hili kumshusha thamani. Mimi naona lina ukweli nusu: Ulaya hakuwika, na hakuna haja ya kumpamba. Ila mtu aliyeshindwa huko akarudi akafunga mabao manne katika mechi moja si wa kutupwa. Ilikuwa Agosti 2017, siku ya kwanza ya ligi, Simba wakiwafumua Ruvu Shooting 7-0. Alimaliza msimu na mabao 20 akiwa mfungaji bora, na Simba wakauchukua ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 2012. Mabao 20 kwa mtu anayeanzia pembeni ni mengi. Mawinga wengi huhesabiwa kwa krosi.

Kwa Okwi wa timu ya taifa, twende Cairo, AFCON 2019. Aliwafunga DR Congo katika ushindi wa 2-0, kisha akawafunga Zimbabwe katika sare ya 1-1. Uganda Cranes wakavuka makundi kwa mara ya kwanza tangu 1978, wakatolewa na Senegal kwa bao moja la Sadio Mané. Kati ya 1978 na hapo hapakuwa na mengi ya kusimulia: miaka 39 bila kuonekana fainali, hadi Farouk Miya alipowafunga Comoro pale uwanja wa Namboole tarehe 4 Septemba 2016. Miya huyo huyo ndiye aliyefunga bao pekee la Uganda kule Gabon 2017, dhidi ya Mali.

Kwa hiyo Okwi ni Mganda wa kwanza kufunga zaidi ya bao moja katika fainali moja tangu enzi za Phillip Omondi. Na Omondi, jamani, ni daraja lake. Nyota huyo wa KCC alifunga matatu kule Ghana 1978, akalingana na Opoku Afriyie wa Ghana na Segun Odegbami wa Nigeria kileleni mwa wafungaji. Uganda waliwatoa Nigeria 2-1 nusu fainali, kisha Afriyie akawanyima kombe kwa mabao mawili mjini Accra. Hakuna Mganda aliyefikia matatu ya Omondi tangu hapo. Uwanja wa Lugogo una jina lake, na unalistahili.

Wengine kwa kifupi. Majid Musisi hakuwa winga, lakini alipotoka Villa kwenda Rennes ya Ufaransa 1992 aliwafungulia Waganda mlango wa Ulaya, kisha akaenda Bursaspor ya Uturuki. David Obua, mtu wa pembeni kushoto, mtoto wa Denis Obua aliyewahi kuongoza FUFA, shirikisho la soka la Uganda, aliwafunga Niger matatu peke yake 2007, akacheza Kaizer Chiefs na Hearts ya Scotland. Moses Oloya alielekea mashariki, akatwaa mataji Vietnam na Hanoi.

Cranes wenyewe wana rekodi isiyo na mshindani: mataji 15 ya Kombe la Chalenji la CECAFA, la mwisho likiwa la 2019, huku Kenya wakifuata na saba. Mawinga hawa wanatoka katika nchi iliyozoea kutawala jirani zake na kuhangaika mbele ya bara zima.

Omondi namweka pembeni kwa heshima, kwa kuwa yeye alikuwa mshambuliaji. Kwa mawinga, namba moja wa Kampala ni Okwi. Anayebisha aniletee mwingine wa pembeni mwenye mabao mawili AFCON moja, kiatu cha dhahabu cha Ligi Kuu Bara, na mawili ndani ya 5-0 ya watani.