Simu ya Upepo Iliyo Ndani ya Nyumba Zetu

Wazee wetu waliyaita mawasiliano yapitayo angani bila ya waya "simu ya upepo". Zamani simu hiyo ilikuwa ya meli na serikali. Leo imeingia vyumbani mwetu, wala haikubisha hodi.

Apitaye jioni katika mitaa ya Songea, iwe Lizaboni au Mfaranyaki, huona kisanduku kidogo cha sauti kibarazani kikitoa mawaidha au kaswida, na simu yenyewe imo mfukoni mwa mtu aliye ndani. Hapana waya kati yao. Tangu mji wetu ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme itokayo Makambako, kuvitia moto vyombo hivi kumekuwa kwepesi zaidi, navyo vimezidi kuenea. Basi yatupasa tujue ni nini tulichokikaribisha.

Ufundi huu huitwa Bluetooth. Ulianza kutengenezwa mwaka 1994 na kampuni ya Ericsson huko Sweden, nao waliutafuta ili kuondoa nyaya baina ya simu na vyombo vyake. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, zilifanya umoja ili chombo cha huyu kipate kusemezana na cha yule. Jina lenyewe ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuunganisha watu waliotengana.

Namna ufanyavyo kazi ni hivi. Simu hutoa mawimbi ya redio dhaifu, yatikisikayo takriban mara bilioni 2.4 kila sekunde. Kwa udhaifu wake, katika vyombo vidogo hufika kiasi cha mita 10 tu, na ukuta huyapunguza. Anga hiyo hutumiwa na vyombo vingi. Basi ili visigongane, ufundi wa asili huruka katika njia 79, mara 1,600 kila sekunde, na vyombo viwili vilivyopatana huruka pamoja. Mwaka 2010 ikatoka namna nyingine itumiayo umeme kidogo mno, hata betri ndogo kama sarafu yaweza kudumu miezi mingi. Ndiyo iliyowezesha saa za mkononi, vipimo vya sukari na vya shinikizo la damu kuipelekea simu habari zake.

Manufaa yake hayakanushiki. Kijana humpa mwenzake kisomo cha Qur'ani kutoka simu hata simu, bila ya kununua kifurushi. Mgonjwa wa sukari huweka hesabu ya kila siku, akamwonyesha tabibu. Mzee aliyepungukiwa na usikivu huvaa kifaa cha masikio, akaipokea simu ya mwanawe aliye mbali.

Lakini kila mlango upitishao mgeni mwema waweza kumpitisha mwingine. Hebu tufikiri nyumba yenye msiba. Kisanduku kimetoa kisomo, na mwenye simu akatoka kwenda dukani. Amepita mita zile, kiungo kimekatika. Simu ya kijana wa jirani, iliyounganishwa na kisanduku hicho siku ya harusi, ikakirudia yenyewe. Na ghafula muziki wa ngoma ukarindima mbele ya wafiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila aibu imekwisha ingia.

Kubwa kuliko hilo ni siri. Gari tuliloazima, tukiliunganisha na simu yetu, laweza kunakili majina na nambari za jamaa zetu wote, zikabaki humo baada ya sisi kushuka. Kadhalika viko vidude vidogo vya kutafutia funguo zilizopotea, navyo mtu mwovu aweza kuvificha mkobani mwa mwanamke apate kujua aendako. Ndiyo maana mwaka 2024 Apple na Google walishirikiana kuziwezesha simu kumwonya anayefuatwa hivyo. Dini yetu imekataza kupelelezana, na imeamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Adabu hiyo haikuondoka kwa kuwa mlango sasa ni wa upepo.

Basi tunawausia wenye nyumba mambo machache. Izimeni Bluetooth isipohitajiwa. Msikubali ombi la kuunganishwa na chombo msichokijua. Kabla ya kuuza simu, gari au kisanduku, futeni viungo vyote vilivyomo. Mara kwa mara tazameni orodha ya vyombo vilivyounganishwa, msichokitambua, kiondoeni. Na simu ikitaka kusahihishwa programu zake, msichelewe, kwani mara nyingi ndimo uzibwamo ufa uliogunduliwa.

Nasi twasema: atakayejua mlango wake uko wapi, ndiye awezaye kuufunga. Watoto wetu wafundishwe haya mapema, kama walivyofundishwa kubisha hodi.