Mtoto Apate Pa Kuchorea

Hapa Songea tulimgombeza sana binti yetu kwa kuchora kuta kwa mkaa, hata akawa anachora kwa kujificha. Siku moja tukajiuliza: je, tumempa mahali pengine? Basi tukamtengenezea kiegemeo cha miguu mitatu cha kusimamishia ubao wa kuchorea.

Mama mpenzi, omba kwa seremala vipande vitatu vya mbao nyembamba, kila kimoja mita 1.2. Visugue kwa msasa. Unganisha viwili juu, vitanuke chini kama herufi A. Cha tatu kifunge nyuma kwa bawaba, kisha funga kamba kati ya miguu ya mbele na wa nyuma isiteleze. Mbele, usawa wa tumbo la mtoto, pigilia fito ya kukalia ubao.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mkoani kwetu, alichora kwa rangi za kawaida juu ya mbao za dari. Mtindo wake ukajulikana duniani.

Siku hizi kuta zetu ni safi. Tena binti hajifichi, anatuita tukaone.