Mchezaji wa Mironjo Habebwi na Jini

Kila kikundi cha ngoma ya Kimakonde kinapopita na mchezaji wa mironjo, yaani miti mirefu inayofungwa miguuni na kufichwa ndani ya suruali, watazamaji wa Kariakoo na Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, huuliza swali lilelile: ametumia dawa gani? Swali hilo halistahili kujibiwa, kwa kuwa linampokonya mtu ujuzi alioutolea jasho na kumkabidhi muuza hirizi sifa isiyo yake.

Ncha ya mronjo ni ndogo mno kumwezesha mtu kusimama tuli, ndiyo maana mchezaji hupiga hatua bila kukoma, akizirudisha ncha chini ya uzito wa mwili kabla haujaelemea upande mmoja. Akichoka huegemea ukuta au paa, jambo ambalo anayebebwa na jini asingelihitaji kamwe. Kimo nacho humsaidia, kwani kama vile ufagio mrefu uliosimamishwa kiganjani unavyokawia kuanguka kuliko kalamu, aliye juu zaidi hupata muda zaidi wa kujirekebisha. Kinachoongezeka ni ukali wa kuanguka, na hakuna mafuta ya kujipaka yanayoupunguza.

Wanaojitetea kwamba Wamakonde wenyewe husema ni mizimu wameishika nusu ya habari. Katika mapiko, ngoma ya Kimakonde ya vinyago vya kuvaa kichwani inayojulikana pande zote mbili za mto Ruvuma, wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza ni mzimu. Lakini kijana aliyeingia jandoni alikabilishwa na kinyago hicho mpaka akagundua kwamba ndani yake mna mtu, anayeona kupitia tundu la mdomo, kisha akaagizwa kuitunza siri hiyo. Mila inayotajwa kuwa ushahidi wa uchawi ndiyo hasa iliyoufundisha ukweli huu, na mkazi wa jiji anayeshikilia habari za mzimu amebaki na maelezo yaliyotungiwa wasiopitia jando.

Anayetaka kujua zaidi aende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Anayetaka mafunzo ya sanaa za jukwaani aulize Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Mtazamaji asiiguse miti, asitupe fedha chini ya miguu ya mchezaji, na ampishe kwa nafasi inayozidi kimo cha mchezaji akiwa juu ya miti. Mwanafunzi aanze na miti mifupi kwenye ardhi tambarare, ashikwe na watu wawili, na kamba zikaguliwe kila anapopanda.