Kufuga Kamba Wadogo Kakamega: Vile Watoi Watatoboa Bila Kumangwa na Samaki

Wasee wa Kakamega, leo hatuongelei kamba ya kufunga fahali wa Khayega. Ni wale kamba wadogo wekundu wa kwa tanki ya samaki. Msee ananunua kumi, anawachanganya na samaki wake, dem anabeba mayai fiti kabisa, halafu mwezi ukiisha hakuna mtoi hata mmoja. Hawajaibwa. Wamemangwa.

Na usidhani hii ni story ya majuu. Cheki Ziwa Victoria. Kule kuna kamba mdogo anaitwa ochong'a. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amemaliza fulu wengi sana. Fulu walipopungua, ochong'a wakaongezeka balaa, hadi mbuta wachanga wakawageuza dishi. Ata kwa tanki yako ni hivyo: idadi ya kamba inategemea midomo iliyo karibu.

Anza na nani?

Anza na cherry, yaani Neocaridina davidi kutoka Asia Mashariki. Ni mgumu na anazaana haraka. Dem huwa mkubwa na mwekundu kuliko jamaa. Anabeba mayai kama 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa wiki 3 au 4, na watoi wanatoka tayari wakifanana na mathe, ila ni milimita 2 tu. Ukiuziwa Amano, jua watoi wake wanahitaji maji ya chumvi. Hapo kejani hawatatoboa.

Majirani

Rada ni moja: kitu ikitoshea mdomoni, samaki atameza. Otocinclus ndio mpole zaidi. Guppy na neon hawasumbui kamba mkubwa, lakini watoi watawamanga. Angelfish, goldfish na ngege? Zii kabisa.

Maficho

Hapa ndio mchezo unashindwa ama kushindiwa. Jaza moss ya Java kwa kona, weka mawe yenye nyufa, na uongeze majani makavu ya mapera yasiyopigwa dawa. Majani yakilowa yanashika utando laini, na hiyo ndio chakula ya watoi. Wanakula hapo hapo wamejificha, bila kutoka nje kutafuta. Filta iwe ya sponji, juu zile zingine zinavuta watoi ndani.

Maji

Tanki ikae na filta ikitembea wiki 4 hadi 6 kabla ya kuweka kamba, ndio bakteria wa kusafisha uchafu washike. Weka samaki mwishoni kabisa, kamba wakishazaana. Maji ya mfereji yana klorini. Yatulize kwa ndoo wazi siku nzima ama utumie dawa ya kuitoa. Mvua ya Kakamega ni ya bure, lakini maji yake hayana madini ya kujenga ganda, kwa hivyo usiyatumie peke yake. Joto la nyuzi 20 hadi 26 liko sawa, na hali ya hewa ya huku inakusaidia.

Vitu zitawadedisha

Dawa ya mbu ya kupuliza. Kamba na mdudu ni ukoo mmoja, kwa hivyo kinachoua mbu kinaua kamba pia. Dawa za samaki zenye shaba pia ni noma. Na ukiwapea sukuma, ioshe vizuri na uichemshe kidogo. Ikiwa ilipigwa dawa shambani, wacha.

Wakizidi

Gawia mabeshte ama uuze utengeneze ganji. Lakini usiwahi kuwamwaga Isiukhu. Maji ya Isiukhu yanaenda Nzoia, na Nzoia inaingia Ziwa Victoria. Mbuta pia aliletwa na watu, na fulu wengi hawajawahi kurudi.