Spini ya Elektroni: Sayansi ya Kweli na Vipimo vya Uongo

Neno "kwanta" siku hizi limevuka kuta za maabara. Katika nchi nyingi huuzwa vifaa vidogo vya kushikwa mkononi, vinavyodaiwa kusoma afya ya mwili mzima kwa "nguvu za kwanta" ndani ya dakika chache. Mkazi wa Temeke au Kinondoni akiletewa kifaa cha namna hiyo ana haki ya kujua sayansi yenyewe inasema nini.

Spini ni tabia ya asili ya chembe kama elektroni na protoni, inayoifanya kila chembe iwe mithili ya sumaku ndogo mno. Tiba huitumia tayari. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Hospitali ya Temeke au Mwananyamala kwenda Muhimbili kwa kipimo cha MRI hupigwa picha inayotokana na spini za protoni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Ili zipimike, huhitajika sumaku yenye nguvu nyingi, aghalabu ya tesla 1.5.

Baadhi ya kompyuta za kwanta hutumia spini ya elektroni moja. Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza elektroni inaswe katika kitone cha kwanta, yaani kishimo cha umeme, na spini yake itunze taarifa. Lakini elektroni mbili huwasiliana zikiwa jirani sana tu, na vitone vikisongamana, nafasi ya kupitishia nyaya hukosekana.

Suluhisho mojawapo ni kuisafirisha elektroni. Huweza kupokezwa kitone hadi kitone, kama vibarua wanavyopokezana karai za zege. Au kishimo chenyewe husogezwa, kama wimbi linavyobeba ngalawa. Watafiti wa Delft, Uholanzi, wamesafirisha spini ndani ya silikoni kwenda na kurudi jumla ya mikromita 10, kwa muda usiofikia nanosekunde 200, na usahihi wa takriban asilimia 99.5. Umbali huo unazidi kidogo tu kipenyo cha chembe nyekundu ya damu, na kazi hiyo hufanyika katika baridi ya zaidi ya nyuzi 272 chini ya sifuri.

Kompyuta hizo zikikamilika, huenda zikasaidia kukokotoa tabia za molekuli za dawa. Kwa sasa zingali maabarani. Kifaa cha kiganjani kisicho na sumaku kubwa wala baridi hiyo hakiwezi kusoma spini za ini au figo.

Hatari yake ni kumpa mgonjwa faraja ya uongo hadi kisukari au saratani ikomae. Sukari hupimwa kwa damu. Malaria kwa hadubini au kipimo cha haraka. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya majibu ya kifaa hicho. Naye mhudumu, badala ya kumkejeli, amsaidie kuuliza: kinapima nini, kwa njia gani, na nani amekithibitisha?